Kituo cha data jirani yako: nani anapata, nani analipa

Ugomvi huu huanza karibu vilevile kila unapozuka. Shamba kubwa, au kiwanda kilichofungwa siku nyingi, kinanunuliwa na kampuni ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Baada ya muda inajulikana kuwa nyuma yake yuko mwekezaji mkubwa wa teknolojia, na anachotaka ni kituo cha data: majengo makubwa yasiyo na madirisha, yaliyojaa seva, yaani kompyuta zenye nguvu zinazohifadhi picha zetu, miamala yetu na sasa hesabu zote za akili mnemba. Wanaounga mkono wanataja kodi na ajira. Wanaopinga wanataja maji na umeme. Kila upande unakuja na takwimu, na kinachowachanganya wananchi ni kwamba takwimu za pande zote mbili mara nyingi ni za kweli.

Nimefuatilia mijadala ya namna hii kwa muda, na naamini tunakosea katika namna ya kulinganisha. Tunarundika faida zote upande mmoja, hasara zote upande mwingine, halafu tunauliza mzani umelalia wapi. Lakini faida na hasara za kituo cha data haziwaangukii watu walewale. Kodi inaingia halmashauri. Mngurumo wa feni unaingia chumbani kwa yule aliyepakana na ukuta. Gharama ya nyaya mpya za umeme inaweza kuingia kwenye bili ya mtu wa mbali kabisa, ambaye hakuitwa kwenye mkutano wowote. Kwa hiyo hapa nalinganisha jambo moja moja kwa kuangalia nani anapata na nani analipa, na baadaye nitayaweka pamoja majibu matatu ambayo jamii inaweza kumpa mwekezaji.

Kodi na misamaha yake

Hoja nzito kuliko zote upande wa kukubali ni kodi, na anayeipuuza hatendi haki. Kaunti ya Loudoun, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, ndiyo yenye mkusanyiko mkubwa wa vituo vya data kuliko mahali pengine popote duniani. Uongozi wa kaunti unasema kila dola 1 inayotumika kuvihudumia inarudi na dola 26 za kodi. Sehemu kubwa ya fedha hiyo inatokana na seva zenyewe, maana kaunti hutoza kodi vifaa vya kompyuta, na vifaa hivyo hubadilishwa kila baada ya miaka michache, vikaja vipya vyenye thamani kubwa. Kituo pia hakileti wanafunzi wa kujengewa madarasa wala foleni ya magari asubuhi. Wenye nyumba wa Loudoun wamepunguziwa kiwango cha kodi ya majengo mwaka hata mwaka kwa sababu hiyo.

Upande wa pili upo msamaha. Majimbo mengi ya Marekani hayatozi kodi ya mauzo kwenye vifaa vya vituo vya data, na shirika la Good Jobs First, linalofuatilia misamaha ya aina hii, lilionyesha mwaka 2025 kwamba majimbo yasiyopungua 10 yanapoteza kila moja zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka. Tazama kinachotokea: kaunti inavuna, jimbo linasamehe, na wote wawili ni serikali ya mwananchi yuleyule. Anayeishi ndani ya mipaka ya kaunti yenye vituo ananufaika. Anayeishi kaunti ya pili ndani ya jimbo hilohilo anachangia msamaha na hapati barabara wala shule.

Kwa hiyo ukitajiwa mapato ya kodi, uliza mambo mawili kabla ya kupiga makofi. Baada ya misamaha yote, ni kodi ipi iliyobaki na inalipwa kwa nani? Na thamani ya seva ikishuka, mapato ya mwaka wa tano yatakuwa kiasi gani?

Ajira

Hapa sina maneno mengi. Tume ya ukaguzi ya bunge la Virginia, JLARC, ilitoa ripoti Desemba 2024 ikieleza kwamba ujenzi wa kituo cha kawaida unaweza kuwa na wafanyakazi wapatao 1,500 kazi inapopamba moto, kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Ujenzi ukiisha, kituo cha futi za mraba 250,000 kinabaki na watu kama 50, na nusu yao ni wa makampuni ya kandarasi. Mafundi umeme, mafundi bomba na waashi wanapata kazi ya kweli yenye malipo mazuri. Ila ukiahidiwa ajira elfu na kitu, jua unaahidiwa ajira za ujenzi. Kama eneo hilohilo lingeweza kupata kiwanda, kwa ajira za kudumu kiwanda kitashinda.

Umeme

Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, linakadiria kwamba mwaka 2024 vituo vya data vilitumia takriban terawati-saa 415 (terawati-saa moja ni kilowati-saa bilioni moja), yaani kama asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia, na kwamba kufikia 2030 matumizi yatakuwa karibu 945. Asilimia 1.5 inasikika ndogo, na wawekezaji hupenda kuitaja. Tatizo ni kwamba vituo havisambai sawasawa duniani. Hufuata nyaya za intaneti, umeme wa uhakika na sheria rafiki, kisha hurundikana. Ireland ndiyo mfano ulio wazi kuliko wote. Mwaka 2015 vituo vya data vilitumia asilimia 5 ya umeme uliopimwa kwa mita nchini humo. Mwaka 2023 vilifikia asilimia 21, vikazipita nyumba zote za mijini zikijumlishwa, zilizotumia asilimia 18. Msimamizi wa gridi, yaani mtandao wa nyaya za umeme wa nchi, alifika mahali pa kufunga mlango wa maombi mapya eneo la Dublin.

Sasa, mteja mkubwa anayetumia umeme mchana na usiku bila kupungua si balaa kwa kila gridi. Palipo na mitambo inayozalisha kuliko mahitaji, mteja kama huyo husaidia kulipia gharama ambazo vinginevyo zingegawanywa kwa wateja wachache. Anaweza pia kusaini mkataba wa miaka mingi unaowezesha shamba la upepo au la umemejua kujengwa. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa ni kama umeme wa ziada upo tayari au itabidi ujengwe.

Ukibidi ujengwe, hesabu inageuka. Gridi ya PJM inahudumia majimbo 13 ya Marekani pamoja na mji mkuu. Kila kipindi hufanya mnada wa kuwalipa wenye mitambo ili wawe tayari wakati wa mahitaji ya juu. Bei ya mnada huo ilitoka dola 28.92 kwa megawati kwa siku katika mwaka wa 2024/25 hadi dola 269.92 mwaka uliofuata, na msimamizi huru wa soko hilo alivitaja vituo vya data kuwa sababu kubwa. Bei hiyo haibaki Loudoun. Inagawanywa kwa wateja wa majimbo mengine, mama wa nyumbani na fundi seremala wakiwemo, kupitia bili za kawaida. Mimi hapa ndipo ninapokasirika. Mtu anapewa sehemu ya gharama ya jengo ambalo hakuulizwa kama analitaka, na kodi ya jengo hilo haoni hata senti.

Kuna hatari nyingine isiyotajwa sana mikutanini. Kampuni inaweza kuomba megawati 500, shirika la umeme likajenga njia za kutosha, kisha kampuni ikatumia 200 tu au ikahamia kwingine. Nguzo zimeshasimama na lazima mtu alipe. Julai 2025 wasimamizi wa huduma jimboni Ohio waliidhinisha utaratibu kwa wateja wa shirika la umeme la AEP Ohio, utaratibu ambao ningependa kila mahali pauige: kituo kikubwa kipya kinalipia angalau asilimia 85 ya umeme kiliouomba, kwa muda wa hadi miaka 12, hata kisipoutumia. Mwenye mradi wa kweli anaweza kuishi na sharti hilo. Aliyeomba umeme sehemu tano ili aone wapi atapata kwanza, ndiye linayemsumbua.

Na gridi yenyewe? Julai 2024, kaskazini mwa Virginia, hitilafu kwenye njia moja ya msongo mkubwa ilifanya umeme uyumbe mara kadhaa kwa mfululizo. Mitambo ya kinga ndani ya vituo vya data ikafanya ilichopangiwa: ikajitenga na gridi na kuwasha umeme wa akiba. Vituo kama 60 viliondoka kwa mpigo, na megawati zipatazo 1,500 za mahitaji zikatoweka. Kwa kawaida tunaogopa umeme kupungua. Siku ile waendesha gridi walikuwa na umeme mwingi kupita kiasi kwa ghafla, wakalazimika kupunguza uzalishaji haraka. Gridi haikuanguka, lakini wahandisi wameyachukulia kama onyo.

Maji

Kuelewa mabishano ya maji, simama kwanza nyuma ya seva. Mbele hewa ni baridi. Nyuma, feni inakupuliza joto kama la jiko. Karibu umeme wote unaoingia kwenye seva unatoka kama joto, na joto hilo lazima liende nje, usiku na mchana.

Njia mojawapo ya kulitoa ni mnara wa kupozea. Maji yenye joto yanamwagwa kutoka juu, feni inapitisha hewa, sehemu ya maji inageuka mvuke na kuondoka na joto. Lita moja ikigeuka mvuke inabeba takriban kilowati-saa 0.68 za joto. Ukiijua namba hiyo huhitaji mtaalamu wa kukufanyia hesabu. Kituo cha megawati 100 kinachopozwa kwa mvuke peke yake kinapeperusha karibu lita 147,000 kwa saa, yaani lita milioni 3.5 kwa siku. Maji hayo hayarudi mtoni wala kwenye bomba la majitaka.

Njia ya pili ni kupoza kwa hewa, ambapo maji yanazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa na joto linatolewa kwa mitambo kama ya kiyoyozi. Maji yanayopotea ni kidogo sana, lakini mitambo hiyo inakula umeme zaidi. Ukibana maji unalegeza umeme, ukibana umeme unalegeza maji. Mwekezaji anayesema mradi wake “hautumii maji” anapaswa kuulizwa palepale umeme umeongezeka kiasi gani, na anayejivunia umeme mdogo aulizwe lita.

Mifano ipo ya kila aina. The Dalles ni mji mdogo jimboni Oregon wenye vituo vya Google. Uongozi wa mji ulikwenda mahakamani kuzuia gazeti lisipate takwimu za maji, ukidai ni siri ya biashara, na kesi ikaisha Desemba 2022 kwa takwimu kutolewa. Ikaonekana kwamba mwaka 2021 vituo vilitumia zaidi ya lita bilioni 1.3, zaidi ya robo ya maji yote ya mji, na kwamba matumizi yalikuwa yamekaribia kuongezeka mara tatu ndani ya miaka mitano. Nchini Uruguay, mwaka wa ukame wa 2023, wakazi wa Montevideo walipokuwa wakifungua bomba na kupata maji ya chumvi, ilifahamika kuwa mpango wa kituo kipya ulihitaji lita milioni 7.6 kwa siku. Takwimu hiyo nayo ilitoka baada ya mahakama kuingilia. Mpango ukabadilishwa kuwa wa kupoza kwa hewa.

Lakini ripoti ileile ya Virginia niliyoitaja inasema vituo vingi vya jimbo hilo hutumia maji sawa na jengo kubwa la ofisi au pungufu, na ni vichache vinavyotumia mengi mno. Huko Hamina, nchini Ufini, kituo kilichojengwa ndani ya kiwanda cha zamani cha karatasi kinapozwa kwa maji ya bahari tangu kianze. Kwa hiyo usikatae kituo kwa sababu ya maji ya The Dalles, wala usikikubali kwa sababu ya Hamina. Maji ni suala la mchoro wa mradi ulio mbele yako, pamoja na chanzo kinachotumika. Bomba lilelile linalonywesha watu si sawa na majitaka yaliyosafishwa, hata lita zikiwa sawa.

Kelele, dizeli na joto la bure

Kelele ya kituo cha data haipasui masikio. Ni mngurumo mzito usiokatika, na sheria nyingi za kelele zilitungwa kwa ajili ya muziki na magari, ambavyo hupiga kelele na kunyamaza. Mji wa Chandler, Arizona, ulipitisha sheria mahususi mwaka 2022 baada ya wakazi kulalamika kwa miaka. Jenereta za dizeli hukaa kimya muda mwingi, ila lazima ziwashwe mara kwa mara kujaribiwa, na zinaweza kuwa makumi kwenye kiwanja kimoja. Anayepata hasara hapa ni jirani wa ukuta peke yake. Ukiwa umbali wa kutosha, huna habari.

Joto la bure ni ahadi nzuri mahali pake. Bwawa la kuogelea la Olimpiki ya 2024 pale Saint-Denis, Ufaransa, linapashwa na joto la kituo cha data kilicho jirani, na Odense, Denmark, nyumba kwa maelfu zinapata joto kwa njia hiyo. Sheria ya Ujerumani inavitaka vituo vinavyoanza kazi kuanzia Julai 2026 vitumie tena angalau asilimia 10 ya nishati yao kama joto. Yote hayo yanategemea mabomba ya joto yaliyokwisha kulazwa ardhini na wateja wenye baridi. Pasipo na hivyo viwili, ahadi hiyo iondoe kwenye mizani kabisa.

Majibu matatu

*Kukataa.* Zeewolde, Uholanzi, madiwani waliidhinisha Desemba 2021 kituo cha Meta, kampuni mama ya Facebook, kwenye hekta 166 za mashamba. Machi 2022 wapiga kura wakakipa ushindi chama cha mji kilichopinga mradi, na kampuni ikajitoa mwaka huohuo. Ardhi ilibaki shamba. Hilo ni ushindi halisi kwa waliolitaka. Lakini kukataa kuna kikomo chake: Tucson, Arizona, baraza la mji lilikataa kwa kauli moja Agosti 2025, na mradi ukarudi nje ya mipaka ya mji, safari hii ukiwa na mpango wa kupoza usiotegemea maji. Waliokataa walilinda maji yao. Umeme bado wanachangia gridi moja, na kodi imekwenda kwa mwingine.

*Kusubiri.* Singapore ilisimamisha vituo vipya kuanzia 2019 hadi 2022, ikaweka vigezo vya ufanisi, kisha ikafungua maombi kwa kiasi kidogo. Jibu hili linamfaa mwenye nafasi ya kuchagua, yule ambaye wawekezaji watamsubiri. Mahali pasipo na mvuto mkubwa, kusubiri kunaweza kugeuka kukosa.

*Kukubali kwa masharti.* Ni jibu gumu kuliko yote, kwa sababu linahitaji madiwani wanaosoma mikataba na wananchi wasiochoka. Nchini Chile mahakama ya mazingira ilirudisha nyuma sehemu ya kibali cha kituo cha Google pale Cerrillos Februari 2024, ikitaka athari za mabadiliko ya tabianchi kwa maji ya ardhini zipimwe, na miezi michache baadaye kampuni ikatangaza kuanza upya kwa kupoza kwa hewa. Masharti yaliwekwa, mradi haukuuawa. Ubaya wake ni kwamba yalikuja kwa njia ya mahakama, baada ya miaka kupotea.

Haraka nayo ina gharama. Kaunti ya Prince William, jirani na Loudoun, iliidhinisha mradi mkubwa Desemba 2023 baada ya kikao cha saa 27. Watu walikaa kwenye foleni ya kuzungumza usiku kucha, wengine wakitoa hoja zao alfajiri. Agosti 2025 jaji akafuta uamuzi huo kwa kasoro za taarifa kwa umma. Mwekezaji, kaunti na wananchi wote walirudishwa nyuma kwa sababu ya matangazo ambayo yangetolewa vizuri tangu mwanzo.

Nikiulizwa mimi, nachagua hivi. Palipo na umeme wa ziada, maji yasiyo ya kunywa na kiwanja kilichokuwa cha viwanda mbali na makazi, ningekubali, sharti la kulipia umeme ulioombwa likiwa limeandikwa kabla ya nguzo ya kwanza. Palipo na ukame na bomba moja la watu na mitambo, ningekataa mchoro wa kupoza kwa mvuke na kumwambia mwekezaji arudi na mwingine. Na pale ambapo madiwani wamesaini makubaliano ya kutunza siri, nisingepiga kura ya ndiyo wala hapana mpaka karatasi zitoke, maana yaliyotokea The Dalles na Uruguay yanaonyesha ni namba gani hufichwa kwanza.

Karatasi zikitoka, usitosheke na wastani wa maji kwa mwaka. Mitambo ya mvuke hunywa zaidi siku za joto kali, na siku hizo ndizo mabwawa huwa chini na kila nyumba imefungua bomba. Dai lita za siku yenye joto kuliko zote, na megawati za saa yenye mahitaji makubwa kuliko zote, ziandikwe ndani ya kibali pamoja na adhabu ya kuzizidi.